Mwanangu anataka kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Minnesota. Je, njia ipo?

*"Wakili, salaam. Mimi ni mzaliwa wa Likoni, Mombasa. Sasa naishi Brooklyn Park, Minnesota, na kazi yangu ni kutunza wazee. Nimeapishwa uraia, na kwenye uchaguzi uliopita nikapiga kura Marekani kwa mara ya kwanza. Nilipofika chini ya karatasi ya kura nikakuta majina ya majaji. Simjui hata mmoja, nikaacha wazi. Sasa mwanangu wa kwanza, ana miaka 16, ametuambia anataka kuwa jaji, tena wa Mahakama ya Juu ya jimbo. Alizaliwa Mombasa, ana grini kadi, na anacheza mpira wa Kimarekani shuleni. Baba yake amekataa kata kata. Anasema nyumbani Kenya jaji anasailiwa na Tume mbele ya kamera, lakini huku wanachaguliwa kama wabunge, kwa hiyo ni siasa na pesa tupu. Anasema pia aliyezaliwa nje haruhusiwi, na kwamba mahakama yenyewe ya jimbo ni ndogo, kubwa iko Washington. Anataka kijana aache mpira asomee uuguzi. Nani anasema kweli? Na je, nilikosea kuacha ile sehemu wazi?"*

Dada yangu, salaam na hongera kwa uraia. Umeuliza mambo manne kwa pamoja, na nyuma yake naona hofu moja: kwamba mtoto ameona mlango wa nyumba isiyo yake, atabisha hadi achoke. Nitaanza na mzee wa nyumbani, kwa sababu hoja zake mbili zina ukweli ndani yake na hazistahili kupuuzwa. Ya kuzaliwa nje ndiyo aliyokosea, nayo nimeiweka mwisho kwa kuwa ina kazi ya kufanya, tena upesi.

Kwanza hili la "mahakama ndogo". Nchi hii ina serikali mbili zinazotembea sambamba, ya taifa na ya jimbo, na kila moja ina mahakama zake kuanzia chini hadi juu. Mahakama ya Juu ya Marekani, ile ya majaji 9 kule Washington, ndiyo yenye neno la mwisho juu ya katiba na sheria za taifa. Sheria za Minnesota zenyewe, na katiba ya Minnesota, zina msemaji wa mwisho mwingine, nao ni majaji 7 wa Mahakama ya Juu ya Minnesota, kule St. Paul, makao makuu ya jimbo. Wakishasema sheria fulani ya jimbo ina maana hii, Washington haiwezi kuwasahihisha, isipokuwa jambo lenyewe linagusa katiba au sheria ya taifa. Kwa mtu wa pwani kama wewe kuna mfano wa karibu: kesi nyingi za Zanzibar hupanda hadi Mahakama ya Rufani ya Tanzania, lakini tafsiri ya Katiba ya Zanzibar na mashauri ya Kadhi huishia Visiwani. Ukubwa wa mahakama huko Bara hauyagusi.

Sasa tazama maisha yako. Zaidi ya asilimia 90 ya kesi zote za Marekani hufunguliwa kwenye mahakama za majimbo. Talaka, ulezi wa watoto, mwenye nyumba anayetaka kukutoa, tiketi ya mwendo kasi, mauaji, urithi, yote haya ni ya jimbo. Wewe unainua wazee kitandani kila siku. Mgongo ukiumia kazini na bima ikakataa kulipa, shauri lako lina mahakama yake maalumu ya rufaa za majeruhi wa kazini, na kutoka hapo linapanda moja kwa moja kwa wale majaji 7. Mtu aliyetiwa hatiani kwa mauaji ya daraja la kwanza hapa jimboni naye rufaa yake huenda moja kwa moja kwao. Ndio pia wanaosimamia mawakili wote wa jimbo, nikiwemo mimi. Wakiamua leseni yangu ifutwe, imefutwa. Kwa hiyo kijana hajachagua kitu kidogo.

Hoja ya pili, ya siasa na pesa, ndiyo nzito zaidi.

Mzee anaikumbuka vizuri Kenya. Katiba ya 2010 iliipa Tume ya Huduma za Mahakama kazi ya kuwachuja majaji na kuyapeleka majina kwa Rais, na tumewaona watu wazima wakitoka jasho mbele ya kamera wakiulizwa juu ya hukumu zao, mali zao na hata hasira zao. Ni utaratibu ninaouheshimu. Marekani haina utaratibu mmoja. Rhode Island jaji wa juu akishateuliwa hukaa maisha. Massachusetts huteuliwa na gavana na kukaa hadi umri wa miaka 70. Virginia na South Carolina huchaguliwa na bunge la jimbo. Kuna majimbo, mfano wa Missouri tangu 1940, ambako tume hupendekeza majina, gavana huteua, kisha baada ya muda wananchi huulizwa swali moja tu: abaki au aondoke? Na kuna majimbo ambako majaji hushindana kabisa. Ukijumlisha, majimbo 38 yanawapeleka majaji wao wa juu mbele ya wapiga kura kwa namna moja au nyingine.

Pesa zimeingia humo, na sitakuficha. West Virginia, mwaka 2004, mkuu wa kampuni ya makaa ya mawe iliyokuwa imepoteza kesi ya dola milioni 50 alitumia takriban dola milioni 3 kumsaidia mgombea mmoja wa Mahakama ya Juu ya jimbo. Mgombea akashinda. Rufaa ya kampuni ilipofika, jaji huyo akakataa kujiondoa, na kampuni ikashinda kura 3 kwa 2, yake ikiwa mojawapo. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikasema alipaswa kujiondoa, kwa sababu mazingira yale yalifanya upendeleo uwe jambo la kutarajiwa. Na hapa kwa jirani zetu Wisconsin, uchaguzi wa Aprili 2025 wa kiti kimoja tu ulimeza karibu dola milioni 100. Kiti kimoja! Mzee akisema hayo ni siasa na pesa, sina la kumjibu kuhusu Wisconsin.

Lakini Minnesota si Wisconsin, ingawa tumegawanywa na mto tu. Hapa jaji anagombea bila jina la chama kwenye karatasi. Kipindi ni miaka 6. Neno "incumbent" unaloliona pembeni ya baadhi ya majina linamaanisha mtu huyo yuko kitini tayari, na sheria inataka liandikwe. Na wengi wa hao walio kitini hawakuingia kwa kura. Jaji akiondoka kabla kipindi hakijaisha, gavana huteua mwingine, na huyo ndiye anayekuja kukutana na wewe kwenye karatasi baadaye, akiwa tayari na lile neno pembeni. Ndiyo maana mashindano makali ni nadra, na ndiyo maana hukuyajua majina: hakuna aliyepiga kelele. Tumeokoka kelele na mamilioni, lakini gharama yake ni kwamba mlango wa kawaida wa kuingilia ni ofisi ya gavana, na mwananchi anaulizwa mambo yakiwa yameshaiva.

Kuna jambo lingine la hapa hapa. Zamani kanuni za Minnesota zilimkataza mgombea ujaji kutangaza msimamo wake juu ya mambo ya kisheria yanayobishaniwa. Mgombea mmoja alishtaki, na mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta kanuni hiyo kwa kura 5 dhidi ya 4, ikisema inabana uhuru wa kusema. Tangu hapo mgombea anaweza kusema anavyofikiri. Bado haruhusiwi kukuahidi kwamba kesi yako ataiamua hivi. Mimi naona tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa kuwa mbunge anapigiwa kura kwa ahadi zake, na jaji anayeahidi amekwisha kuharibu kazi kabla hajaianza.

Sasa nataka nikusimulie habari za mtu mmoja, ukae na kijana umsimulie. Anaitwa Alan Page.

Alizaliwa tarehe 7 Agosti 1945 huko Canton, Ohio, mji wa viwanda. Alikuwa na miaka 8 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipotoa ile hukumu ya 1954 ya kuvunja ubaguzi wa rangi mashuleni, na amesema mwenyewe kwamba hukumu hiyo ilimwonyesha mtoto mweusi wa Ohio kwamba sheria inaweza kugeuza maisha ya watu. Mama yake alifariki Page akiwa na miaka 13. Katika ujana alifanya kibarua cha ujenzi kwenye jengo la Jumba la Umaarufu la mpira wa Kimarekani, linaloenzi wachezaji wakubwa, lililokuwa likijengwa mjini kwao. Akasoma sayansi ya siasa Chuo Kikuu cha Notre Dame, akamaliza 1967, na mwaka huo huo akaja Minnesota kuchezea Vikings, timu ya hapa ya mpira wa Kimarekani wa kulipwa.

Kijana wako huenda anamjua kwa hilo. Page alikuwa mlinzi wa mbele, na mwaka 1971 alitajwa Mchezaji Bora wa NFL, yaani ligi ya mpira huo wa kulipwa, wa kwanza kutoka safu ya ulinzi kupata heshima hiyo. Alicheza misimu 15, Vikings na kisha Chicago Bears, bila kukosa mechi hata moja. Katika miaka hiyo pia alikuwa mwakilishi wa wachezaji kwenye chama chao, akibishana na wenye timu juu ya mikataba. Nadhani uanasheria wake ulianzia pale, kwenye kusoma maandishi madogo ya mikataba ya wenzake.

Lakini jambo ninalotaka kijana alisikie ni hili. Page alipojaribu shule ya sheria mara ya kwanza, St. Paul, aliacha baada ya wiki 3. Yalimshinda. Alirudi miaka kadhaa baadaye, safari hii Chuo Kikuu cha Minnesota, akasoma huku anacheza mpira wa kulipwa, na mwaka 1978 akapata shahada. Mwaka huo huo Vikings wakamwacha. Alikuwa amepungua uzito kwa sababu ya mapenzi yake ya kukimbia mbio ndefu, na kocha hakupendezwa. Akaenda Chicago, akacheza hadi 1981, na kipindi cha mapumziko akifanya kazi katika ofisi ya mawakili Minneapolis. Kisha akaingia ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo mwaka 1985 akiwa wakili wa serikali. Miaka saba humo. Hakuna aliyempigia makofi uwanjani kwa kazi hiyo, lakini huko ndiko wakili anakojifunza kuandika.

Kisha akataka kuwa jaji, na hapa mzee asikilize. Mlango wa gavana haukumfungukia. Akaamua kwenda kwa wapiga kura. Mwaka 1992 kiti kimoja cha Mahakama ya Juu kilikuwa kinafikia mwisho wa kipindi, lakini gavana akamwongezea muda jaji aliyekuwepo, kwa kutumia sheria iliyohusu majaji wanaokaribia kustaafu, na uchaguzi ukafutika. Page akashtaki. Kesi ilikuwa dhidi ya gavana, nayo ilihusu kiti ndani ya mahakama ile ile, kwa hiyo majaji wa kudumu hawakuweza kuisikiliza. Wakawekwa majaji wa kukaimu. Wakaamua kwamba uchaguzi lazima ufanyike. Ukafanyika Novemba, na Page akashinda. Januari 1993 akawa mtu mweusi wa kwanza kukaa katika Mahakama ya Juu ya Minnesota. Alirudishwa na wapiga kura 1998, 2004 na 2010, akastaafu Agosti 2015 alipofikisha miaka 70, ambayo ndiyo kikomo cha sheria hapa. Kenya pia ni 70, na majaji wa Mahakama ya Juu pia ni 7. Mwambie mzee, kuna mambo tunafanana.

Kwa hiyo ukiniuliza kama uchaguzi wa majaji ni kitu kibaya, nakuwa mwangalifu. Ninaichukia habari ya West Virginia. Lakini uchaguzi huo huo ndio uliomfungulia mlango mtu ambaye huenda asingeingia kamwe. Kama ningepewa kalamu niandike upya utaratibu wa Minnesota, ningeweka tume ya kuwachuja wote hadharani, kama ya Kenya, kisha ningeacha kura ya wananchi ibaki. Mawakili wenzangu wengi hawakubaliani nami hapo.

Kazi yenyewe ikoje? Kijana asije akadhani ni kupiga nyundo mezani. Mahakama ya Juu haisikilizi mashahidi na haina baraza la wananchi wa kutoa hatia. Kesi huja ikiwa imeshaamuliwa chini, na nyingi zinazoombewa nafasi hukataliwa. Majaji huchukua zile zenye swali la sheria litakalowahusu wengi. Wanasoma marundo ya maandishi, wanakaa wote pamoja, mawakili wa pande mbili wanasimama kwa saa moja hivi wakikatizwa na maswali, kisha majaji wanajifungia kujadili. Mmoja hupewa kazi ya kuandika. Huandika, wenzake husoma, hupinga, huandika tena. Miezi inapita. Asiyekubaliana na wengi anaandika hukumu yake pinzani, kama walivyofanya Jaji Ojwang na Jaji Njoki Ndung'u Kenya mwaka 2017 wenzao walipofuta uchaguzi wa Rais. Ni kazi ya kusoma na kuandika, ya upweke, na kijana anayependa kelele za uwanjani ajiulize kama ataipenda.

Mwaka wake wa kwanza kitini, 1993, Page alikutana na kesi ya wilaya za shule zilizodai kwamba namna jimbo linavyogawa fedha za shule inazipunja. Wengi wa majaji walisema elimu ni haki ya msingi chini ya katiba ya Minnesota, lakini mfumo wa fedha haujavunja katiba. Page alikataa, akaandika hukumu pinzani. Miaka zaidi ya 26 baadaye, Januari 2020, akiwa mstaafu, alisimama na mkuu wa benki kuu ya kanda ya Minneapolis wakapendekeza katiba ya jimbo ibadilishwe ili elimu bora iwe haki ya kila mtoto. Watu wengine wa elimu walilipinga pendekezo hilo kwa hoja zao, na mjadala ulikuwa mkali. Ninachotaka uone ni ule uzi mrefu: mtu alishindwa mwaka 1993, akastaafu, na bado anarudi kwenye swali lile lile. Hata mwaka 1988, alipoingizwa katika lile Jumba la Umaarufu alilolifanyia kibarua, alimwomba mwalimu mkuu wa sekondari moja ya Minneapolis amtambulishe, na hotuba yake ikawa juu ya watoto na kusoma. Mwaka huo huo alianzisha mfuko wa kuwasomesha vijana, kwa sharti kwamba mwanafunzi anayesaidiwa atoe saa zisizopungua 50 kwa mwaka kuwafundisha wadogo. Mke wake, Diane, alikuwa nguzo ya mfuko huo. Alifariki mwaka 2018, na mwaka huo Page akapewa Nishani ya Uhuru ya Rais.

Nitaje na jambo moja la kesi za uchaguzi, kwa kuwa Wakenya tunazijua kwa machungu. Uchaguzi wa seneta wa Minnesota wa Novemba 2008 ulikaribiana mno kiasi cha kuhesabiwa upya kura zote, karibu milioni 2.9. Jaji Mkuu na jaji mwingine walikuwa wamekaa kwenye bodi iliyosimamia kuhesabu, kwa hiyo walijiondoa kwenye kesi. Page, aliyekuwa mwenye cheo cha juu kwa miaka ya utumishi, ndiye aliyewateua majaji watatu wa kusikiliza shauri mwanzoni, na ndiye aliyekaa kiti cha mwenyekiti rufaa ilipofika juu. Tarehe 30 Juni 2009 wakaamua kwa sauti moja, 5 kwa 0. Tofauti ilikuwa kura 312. Aliyeshindwa akakubali siku hiyo hiyo. Hakuna aliyekufa, na hakuna duka lililochomwa. Nilipokuwa nafundisha vijana wa kwetu habari hiyo, kuna waliouliza mara mbili kama nimesema kweli.

Na mpira? Ningemwomba mzee asimwondoe mtoto uwanjani kwa ajili ya sheria. Shule za sheria hazidai shahada ya kwanza ya somo fulani; uuguzi, hesabu, historia, chochote kinafaa, mradi alama ni nzuri na anajua kuandika. Uuguzi wenyewe si njia mbaya: nawajua mawakili waliokuwa wauguzi, na kesi za hospitali wanazielewa kuliko sisi. Safari ni miaka 4 ya shahada ya kwanza, miaka 3 ya sheria, mtihani wa uwakili, kisha miaka mingi ya kazi kabla mtu yeyote hajamtaja kwa ujaji. Katiba ya Minnesota inataka tu jaji awe amesomea sheria, maana yake awe wakili aliyekubaliwa. Lakini Page alikuwa na miaka 47 aliposhinda. Shule ya sheria ni ghali, na deni lake linaweza kumfunga kijana miaka mingi, hasa akichagua kazi za serikali zenye mshahara mdogo, ambazo ndizo mara nyingi huzaa majaji. Hilo lijadiliwe nyumbani mapema, kwa namba halisi. Mtafuteni mshauri wa shule yake mwaka huu huu, muulizeni juu ya ufadhili na mashindano ya kesi za kuigiza ya wanafunzi wa sekondari. Humo ataonja kama ni kitu chake.

Kuhusu karatasi uliyoacha wazi, hukuvunja sheria na kura zako nyingine hazikuharibika. Usijilaumu. Ila safari ijayo, pata mapema mfano wa karatasi ya kura kutoka ofisi ya jimbo inayosimamia uchaguzi. Unaweka anwani yako unaona majina. Kwa kila jaji soma hukumu moja aliyoiandika, ziko wazi kwa umma. Sizungumzii kukubaliana naye. Tazama kama aliyeshindwa ameelezwa kwa heshima kwa nini ameshindwa. Karatasi yako ya maandalizi unaruhusiwa kuingia nayo kwenye chumba cha kura, na mtoto pia unaruhusiwa kwenda naye.

Nimefika kwenye lile la kuzaliwa nje. Mzee amekosea, na amekosea kama wanavyokosea wengi. Sharti la kuzaliwa na uraia wa Marekani ni la Rais na Makamu wake. Kwa kiti cha kuchaguliwa Minnesota, mtu awe na sifa ya kupiga kura na awe ametimiza miaka 21. Raia aliyeapishwa ni raia kamili.

Tena huenda kijana wako ni raia tayari na hamjui. Sheria ya taifa inayotumika tangu Februari 2001 inasema mtoto aliye chini ya miaka 18, mwenye grini kadi, anayeishi Marekani chini ya ulezi wa kisheria na wa kila siku wa mzazi aliye raia, anapata uraia moja kwa moja, bila kiapo wala mtihani. Ulipoapishwa wewe, kama masharti yote yalikuwapo siku hiyo, uraia wake ulianza dakika hiyo. Kinachokosekana ni karatasi ya kuthibitisha: pasipoti ya Marekani, au hati ya uraia. Lakini siwezi kukuhakikishia kutoka hapa, kwa sababu sijaona faili lako. Kama kuna talaka na amri ya ulezi, kama baba wa kwenye cheti ni mwingine, kama jina limeandikwa tofauti Kenya na hapa, kama mtoto aliasiliwa, jibu linaweza kubadilika. Hapo maandishi ya mtandaoni hayatoshi, na usimwachie mjazaji wa fomu wa dukani.

Tafuta wakili wa uhamiaji mwenye leseni, au shirika la msaada wa kisheria lisilolipisha, kabla kijana hajatimiza 18. Nenda na hati yako ya uraia, grini kadi yake, cheti chake cha kuzaliwa cha Kenya, cheti cha ndoa, amri yoyote ya mahakama juu ya ulezi, na barua ya shule inayoonyesha mnaishi anwani moja. Kijana asisaini popote kwamba si raia, wala asijiandikishe kupiga kura akifika 18, hadi hilo limejulikana kwa hakika. Kosa la aina hiyo, hata lililofanywa kwa nia njema, limewahi kuwagharimu watu.

Ukimaliza hayo, mpeleke St. Paul. Vikao vya Mahakama ya Juu viko wazi kwa umma, hakuna kiingilio, na vingine huonyeshwa moja kwa moja mtandaoni. Tangu 1995 majaji hao pia wamekuwa wakisafiri mara mbili kwa mwaka kwenda kusikiliza kesi halisi katika shule za sekondari za jimbo, kisha kukaa na wanafunzi. Muulize mshauri wa shule kama zamu inakaribia kwenu. Na mzee aende naye, akae mstari wa mbele.

Page, kwa wanaomjua, ni yule mzee mrefu mwenye tai ya kipepeo ambaye siku ya mbio za marathoni za Minneapolis na St. Paul hutoka nje ya nyumba yake na tarumbeta kubwa akiwapigia wakimbiaji. Mwonyeshe kijana picha yake.